Kitufe Alichobonyeza Dieudonné

Simu iliingia Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Marthe akiwa kazini katika karakana ya kompyuta ya Kabanda mjini Mbarara, ghorofani juu ya duka la dawa za ng'ombe. Alikuwa na bisibisi mdomoni. Aliitoa, akaweka simu sikioni, na sauti ya mumewe Gervais ikamjia ikiwa imechanganyika na makelele ya watu.

"Mama Vanessa, ile tangi ya Juru imejifungulia mayi na mutu iko ndani."

"Mutu nani?"

"Dieudonné. Bamemutoa. Iko muzima, lakini mukono umevunjika. Batu banasema ni mashini yako."

Marthe hakuuliza la pili. Alikata simu, na hapo hapo akampigia Onesphore, mlinzi wa pampu ya Ngarama, mahali pengine pekee walipokuwa wamefunga mashine ya kuendesha pampu kama ile ya Juru. "Onesphore, zima mashini. Usiniulize. Zima, kisha funga koki na mukono. Kama kuna mutu mu tangi, atoke." Alibaki na simu sikioni mpaka alipomsikia Onesphore akihema na kusema koki imefungwa. Ndipo akakaa.

Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Uvira, nchini Kongo, akasomea kompyuta Bukavu, akaandika programu za kampuni moja ya malori mpaka siku walipokimbia. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale alifika na Gervais na binti yao Vanessa, ambaye sasa ameolewa na anafanya biashara Kikagate. Kwa miaka sita ya kwanza hakuna aliyemuuliza alichosomea. Alilima maharage na mahindi Juru, upande mmoja wa makazi, na siku za soko alitengeneza simu zilizokufa pale Base Camp, penye ofisi za makazi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kabanda ndiye aliyemwokota huko. Alikuwa Mganda mwenye karakana ndogo na maneno mengi, na mteja wake mmoja alikuwa amemwonyesha kompyuta ambayo Kabanda mwenyewe aliiandika kwenye orodha ya wafu, sasa ikiwaka. "Nani metengeneza hii?" Walimwambia ni mama mmoja wa Juru, yule mkulima wa maharage.

Tangu hapo Marthe alikaa Mbarara katikati ya wiki, katika chumba cha kupanga, na kurudi Juru kila Jumamosi.

Kazi ya pampu ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupewa. Maji ya Juru yanavutwa kutoka ziwani, yanapandishwa hadi kwenye tangi la zege kilimani, kisha yanashuka kwenye mabomba ya vijiji. Programu ya kuamua pampu iwake lini na izimwe lini iliandikwa zamani na mtu ambaye sasa yuko ng'ambo, nayo iliandikwa kwa ajili ya Windows. Ilikuwa imekaa miaka saba katika laptopu nzito, ndani ya sanduku la chuma, mpaka vumbi likaiua laptopu. Ofisi ya maji ikataka mashine ndogo, ya ukubwa wa kiganja, inayotumia Linux na kunywa umeme kidogo wa jua. Marthe aliihamisha programu ile kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa miezi minne. Ilifanya kazi wiki tano bila kikohozi.

Sasa ilikuwa imemvunja mlinzi wa tangi mkono, tena jirani yake. Kati ya nyumba ya Dieudonné na ya kwao kulikuwa na shamba moja tu la mihogo.

Injinia Ishema, mama wa makamo aliyesimamia maji ya makazi yote, alipiga simu kabla ya saa sita. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Marthe zaidi. Mashine ya Juru imefungiwa kwenye boksi na kupigwa mhuri, alisema, wala mtu wa Kabanda asiiguse. Pampu itawashwa kwa mkono, asubuhi tu. Ijumaa ya wiki ijayo kutakuwa na kikao. "Lakini nyinyi msiogope sana," aliongeza. "Nimeangalia rekodi ya mashine. Huyu mlinzi hakubonyeza kitufe cha usafi. Ameingia tu. Kama ni hivyo, hatuwezi kukaa naye kazini."

Kitufe cha usafi kilikuwa kwenye sanduku chini ya tangi. Mtu akitaka kuingia kusugua, anakibonyeza, taa nyekundu inawaka, na programu haitawasha pampu hata tangi liwe kavu kabisa. Kila kinachotokea kinaandikwa kwenye rekodi. Rekodi ya Jumanne ilikuwa na mstari wa saa nne na dakika mbili, kina cha maji kikiwa chini, kisha pengo, kisha mstari wa pampu kuwaka. Kitufe hakikuwemo.

Kabanda alishusha pumzi. "Nyabo, mama, umesikia? Si sisi. Mzee mesahau kubonyeza."

Marthe alisikia, na ndani yake kitu kililegea. Ilimchukua siku kadhaa kukubali kwamba kitu hicho kilikuwa nafuu, na kwamba aliionea nafuu hiyo haya.

Hata hivyo hakuweza kuelewa kwa nini rekodi ilikatika. Programu ilikuwa imeanguka, hilo lilikuwa wazi, kisha ikaamka upya na kuwasha pampu. Programu nzima haianguki kwa sababu mtu amesahau kitufe. Kwa hiyo alichukua mashine nyingine kama ile, akaiweka mezani, akaandika programu ndogo ya kuidanganya: sasa maji yamepungua, sasa yamejaa, mara elfu kwa dakika. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Haikuanguka hata mara moja. Kabanda alikuwa akipita nyuma ya kiti chake akipiga makofi. "Machine nzuri! Kwisha maneno."

Jumamosi alirudi Juru. Kwenye bomba, foleni ya madumu ilikuwa imezunguka hadi kwenye shule, maana maji ya pampu iliyowashwa kwa mkono yalikwisha saa tatu. Wanawake walimjua. Hakuna aliyemtukana, walinyamaza tu alipopita.

Ancilla, mke wa Dieudonné, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakusimama.

"Karibu" haikutoka. Marthe akabaki amesimama juani mpaka sauti ya Dieudonné ilipotoka ndani: "Mwache aingie."

Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa plasta toka kiganja hadi juu ya kiwiko, uso umechubuka upande mmoja. Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache, mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Miaka yote aliyolinda tangi lile hakuwahi kuchelewa.

"Pole, Baba Inès," Marthe alisema.

"Asante."

"Nimekuja kukuuliza namna ilivyokuwa."

"Walishaniuliza ofisini. Wameandika." Alitazama ukuta. "Mi nilibonyeza, Mama Vanessa. Taa nyekundu iliwaka. Niliiona na macho yangu, ndiyo nikapanda ngazi. Nilikuwa chini kabisa nasugua, kama dakika kumi hivi, nikasikia bomba linanguruma huko juu. Maji yakanipiga mgongoni, nikaangukia ngazi. Nimetoka na mkono mmoja." Akainua ule mkono wa plasta. "Wanasema mashini haidanganyi. Basi mwongo ni mimi."

Marthe alifungua kinywa aseme anamwamini, akaona hawezi kulisema kwa ukweli. Sehemu ya programu inayoandika rekodi aliihamisha yeye mwenyewe, mstari kwa mstari. Aliijua rekodi kuliko alivyomjua mtu huyu.

"Taa iliwaka muda gani?" aliuliza mwishowe.

"Nitajuaje? Niliiona, nikapanda. Ukishakuwa ndani ya tangi huoni taa."

Wakati wa kutoka, Ancilla alisema bila kuinua macho: "Umekuja kumpima kama anasema ukweli. Si kumwona mgonjwa."

Gervais alimpikia ugali jioni ile, akaula kidogo. Maneno ya Ancilla yalikuwa kweli. Na kulikuwa na jambo jingine: kwa siku tatu alikuwa ameidanganya mashine kwa maji yanayopanda na kushuka, na hata mara moja hakuwa amebonyeza kitufe. Alikuwa amelijaribu kila jambo isipokuwa lile ambalo Dieudonné alisema amelifanya.

Jumatatu, kabla hata ya kuvua koti, aliongeza kitufe. Maji yapungue, kitufe kibonyezwe, kitufe kiachiwe. Mara elfu kwa dakika.

Saa sita na dakika kumi programu ilianguka.

Aliiwasha tena. Saa nane ikaanguka. Saa tisa kasoro ikaanguka tena. Ili kuona inaangukia wapi, alipachika katika msimbo, yaani maandishi ya programu, mistari ya kuandika kwenye kioo: nimefika hapa, sasa nimefika pale. Akawasha, akasubiri. Jioni haikuanguka. Jumanne asubuhi alikuta bado inatembea, imebonyezwa kitufe karibu mara milioni moja, nzima kama yai.

Kabanda alisoma namba ile mara mbili. "Sasa imepona. Umeweka nini?"

"Mistari ya kuangalia tu. Sijarekebisha kitu."

"Basi wacha hiyo mistari ndani! Tunapeleka hivyo."

"Patron, haijapona. Inajificha. Mistari inaichelewesha kidogo tu, na ule ucheleweshaji unafunika kosa. Kesho joto likibadilika, ama tukifunga mashini ya aina ingine, itarudi."

"Banange, Marthe. Kikao iko Ijumaa. Wewe nataka kuniua?"

"Nataka kuikamata," alisema, na akafuta mistari yote.

Ndani ya programu ile mlikuwa na nyuzi tatu. Ndivyo wenye kazi hiyo wanavyoziita. Ni sehemu za programu moja zinazokwenda kwa wakati mmoja, mithili ya wafanyakazi watatu katika duka moja. Uzi wa kwanza husoma vifaa: kina cha maji, kitufe. Wa pili huamua pampu iwake au izimwe. Wa tatu huandika rekodi. Taarifa ya maji ilikuwa ikipitishwa chini ya kufuli: mmoja akiishika, wengine wanangoja. Lakini taarifa ya kitufe ilikuwa na njia yake ya mkato. Uzi wa kwanza uliweka taarifa mpya rafuni, kisha ukapandisha bendera. Wa pili ukiona bendera, unanyoosha mkono na kuchukua.

Marthe aliiambia mashine kwamba programu ikianguka, ihifadhi kwanza picha ya kumbukumbu yake yote kama ilivyokuwa dakika ile ile ya kufa. Saa tano Jumanne alipata picha ya kwanza. Aliifungua, akaitazama, akahisi anachezewa. Bendera ilikuwa imepanda. Taarifa ilikuwa rafuni, kamili, kila kitu mahali pake. Na uzi wa pili, mkononi mwake, ulikuwa umeshika sifuri. Ulikuwa umenyoosha mkono kwenye rafu yenye mali na kutoka mtupu, na kwa kuushika utupu ule ndipo ukafa.

Alisoma msimbo. Kwanza weka mali, kisha pandisha bendera. Mpangilio ulikuwa sawa. Mtoto angeona kwamba ulikuwa sawa. Alichukua picha ya pili, ya tatu. Zote zilisema hivyo hivyo. Alishinda siku nzima akiisoma mistari ile kumi na minne hadi ikawa haina maana tena, kama jina linalorudiwa sana. Windows ilikuwa imeiendesha miaka saba bila kosa. Aliihamisha yeye, na kila alichokibadilisha kilikuwa sahihi. Kilichomtisha sasa ni kwamba huenda kosa lilikuwa katika kile ambacho hakukibadilisha.

Jumatano saa tatu asubuhi aliacha kuuliza programu inasema nini. Alianza kuuliza nani anaisikiliza. Mbele ya ile bendera, mwandishi wa kwanza alikuwa ameweka neno moja dogo la lugha ya programu. Marthe alikuwa amelipita mara mia, maana mifumo yote miwili inalikubali. Alitafuta maelezo ya chombo alichotumia mtu yule zamani, kile kinachogeuza msimbo kuwa amri za mashine, na mle akakuta aya fupi. Kwa chombo kile, neno lile lilikuwa ahadi: yaliyoandikwa kabla ya bendera yataonekana kabla ya bendera. Na prosesa, ubongo wa laptopu ile nzito, kwa tabia yake, ilishika utaratibu huo huo. Akageukia maelezo ya chombo alichotumia yeye upande wa Linux. Neno lile lile, ahadi hakuna. Na prosesa ya mashine ndogo ina viini vinne, kama bongo nne zinazofanya kazi pamoja, ambavyo, ili viende haraka, vina ruhusa ya kuonyeshana habari nje ya zamu. Kiini kimoja kinaweza kuiona bendera juu huku mali bado iko njiani.

Hakuna mfumo uliokuwa umekosea. Mwandishi wa kwanza aliegemea ahadi ambayo hakuiandika popote, naye Marthe aliibeba programu hadi mahali ambapo ahadi ile haipo.

Alibadilisha mistari miwili, akaiagiza mashine waziwazi ishike zamu. Akawasha. Saa nne, saa saba, saa kumi. Hakuna anguko. Kabanda alikuwa amesimama nyuma yake, safari hii bila makofi. Marthe akafanya jambo lililomfanya Kabanda ashike kichwa: aliyatoa marekebisho, akairudisha programu ilivyokuwa. Baada ya dakika kumi na moja ikaanguka. Akayarudisha marekebisho. Ikatembea hadi Alhamisi asubuhi.

"Sasa ndiyo nimeikamata," alisema.

Lakini kuikamata kulimletea jingine, na hilo lilimjia akiwa ananawa mikono. Picha zote tatu zilionyesha anguko katika nukta ya kubonyeza kitufe. Kama ndivyo ilivyokuwa Juru, basi Dieudonné alibonyeza. Kubonyeza kwenyewe ndiko kulikoiua programu. Taa iliwaka kwa sababu uzi wa kwanza huiwasha papo hapo. Rekodi haikuandikwa kwa sababu uzi wa tatu ulikufa kabla ya zamu yake. Na mashine ya Juru nayo, aliyoiagiza hivyo hivyo siku alipoifunga, ilihifadhi picha yake ya kifo. Ilikuwa ndani ya boksi la Injinia Ishema, chini ya mhuri.

Alimweleza Kabanda. Kabanda alifunga mlango.

"Nisikilize, nyabo. Kosa umetengeneza. Tunapeleka programu mpya, tunasema tumeongeza usalama. Hakuna mtu nadanganywa. Lakini ukifungua hiyo boksi mbele ya watu, mzee anakuwa safi, sisi tunakuwa wachafu. Karakana nakufa. Wewe pia narudi kwa maharage."

"Watamufukuza kazi kesho, Patron. Kwa uongo wa rekodi yangu."

"Na kama ukifungua unakuta hakubonyeza?"

Picha tatu za mezani si ushahidi wa tangi la Juru. Aliangalia mikono yake, ikiwa bado na maji. "Basi tutajua," alisema.

Ijumaa, ofisi ya Base Camp ilikuwa na joto la bati. Dieudonné alikaa kwenye benchi, mkono wake mweupe umelala mapajani, Ancilla kando yake na rozari amezungushia vidole. Kabanda aliketi karibu na mlango, kofia magotini. Injinia Ishema alisoma karatasi: rekodi haionyeshi kitufe, mlinzi alikiuka utaratibu. Alipomaliza aliuliza kama yupo mwenye la kusema.

Marthe alisimama. "Injinia, naomba boksi lifunguliwe. Ndani ya ile mashini kuna faili inayoonyesha programu ilikuwa inafanya nini wakati ilikufa. Rekodi haikumaliza kuandika. Ile faili ilimaliza."

"Wewe ni mtu wa Kabanda. Nitajuaje hutaandika kitu yako?"

"Tumia kompyuta yako. Mimi nitataja kila amri kabla ya kuiandika, na wewe utaniruhusu ama utanikataza."

Ishema alichukua wembe akakata mhuri. Waya ukachomekwa. Marthe aliketi mbele ya kompyuta ya ofisi, akataja amri ya kwanza. "Andika," Ishema alisema. Orodha ya faili ikajitokeza. Faili ilikuwapo, ya Jumanne ile. Amri ya pili. "Andika." Mashine ilifikiri kwa muda, mtu alikohoa. Uzi wa pili ulikuwa umeshika sifuri. Hadi hapo ilikuwa sawa na mezani kwake, na bado haikuwa imethibitisha lolote kuhusu mtu. Alitaja amri ya tatu, ile ya kuuliza rafuni kuna nini.

"Andika," Ishema alisema taratibu.

Mistari miwili ilitokea kwenye kioo. Marthe aliisoma kwa sauti. "Kitufe: moja. Saa: nne, dakika tatu, sekunde kumi na nane."

"Moja maana yake nini?"

"Kimebonyezwa."

Dieudonné aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na Ancilla akaweka mkono mgongoni mwake bila kumwangalia.

"Alibonyeza," Marthe aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza sasa hatasema tena. "Alifanya kama alivyofundishwa, na kule kubonyeza ndiko kulikoiangusha programu. Kosa hilo nimelipata na nimelitengeneza. Lakini kuna lingine, na hilo si la mtu wa zamani. Programu ikifa, kuna mistari inaiamsha yenyewe. Iliamka imesahau kitufe, ikaona tangi tupu, ikawasha pampu. Hiyo mistari ni yangu. Niliiandika siku moja mchana, sikufikiria mutu iko ndani."

Kiti cha karibu na mlango kilikwaruza. Kabanda alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Hiyo mimi ndiyo niliomba," alisema. "Nilimwambia programu ikifa ijiamshe, sitaki kupigiwa simu kila siku. Yeye alitaka wiki moja ya kuijaribu. Mimi nikasema hapana." Akaketi tena.

Ishema aliandika kwa muda. Kisha akauliza swali moja, la injinia: kitufe kingewezaje kumlinda mtu hata programu ikifa? Marthe alikuwa ameliwaza jibu tangu Alhamisi. Kitufe kisipite katika programu hata kidogo. Kikate waya wa pampu chenyewe, na koki ya tangi iwe na kufuli la kweli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia. Ishema aliliandika hilo pia. Programu haitarudi Juru mpaka hayo yafungwe na yeye ayakague kwa macho yake. Dieudonné anabaki kazini, na barua itasema hivyo. Karakana itapewa mwezi mmoja wa majaribio, chini ya uangalizi.

Watu walipoanza kuinuka, Ancilla alisema, "Bado."

Wakamgeukia.

"Siku kumi mume wangu ameitwa mwongo. Kwenye bomba, kanisani, kila mahali. Hiyo barua itakaa hapa kwenye kabati. Nani atawaambia watu?"



"Mimi," Marthe alisema.

Alianza Jumamosi asubuhi, kwa miguu, toka nyumba za chini za Juru. Kila mlango alisema maneno yale yale: Dieudonné alibonyeza kitufe, mashine ilikosea, mashine hiyo ni kazi yangu. Wengine walimpa kiti. Mzee mmoja alimtaka arudie mara tatu kisha akamuuliza kama serikali imemtuma. Mwanamke aliyekuwa amebeba dumu tupu alimwambia waziwazi kuwa kama angekuwa ni mume wake mle ndani, asingemfungulia mlango. Marthe aliitikia, akaenda mlango uliofuata. Mchana Gervais alimletea maji ya kunywa na baiskeli. Nyumba ya mwisho aliifikia jua likizama, sauti imemkauka kabisa.

Mkono wa Dieudonné ulipona umepinda kidogo. Kwaya haikumkosa, ila ngazi ya tangi anaipanda polepole zaidi sasa.

Jumatatu baada ya kikao Marthe alirudi Mbarara. Kabanda alikuwa amefika kabla yake, jambo lisilo la kawaida, na amechemsha chai.

"Lile neno dogo," alisema, akimsogezea kikombe. "Liko mahali pale tu?"

"Nimetafuta. Liko mara kumi na saba mu programu yote."

"Na kila moja iko kosa?"

"Sijui. Zingine hazina madhara. Lazima tuangalie moja moja, tuiangushe, ama tuhakikishe haiwezi kuanguka."

Kabanda alivuta kiti, akaketi kando yake mbele ya kioo, yeye ambaye hakuwahi kuketi hapo zaidi ya dakika mbili. "Basi nionyeshe ya kwanza," alisema.

Hadi Ijumaa jioni walikuwa wamefika ya kumi na moja. Mbili kati ya hizo zilianguka.